Picha za Kihindi za zamani, za machozi na za mizimu: tuzipe alama kwa jozi

Kandili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Huu ni mwezi wa tatu mfululizo natazama picha za Kihindi za zamani, moja kila usiku watoto wakishalala. Nilianza na zile za machozi ambazo marehemu baba alikuwa akitusimulia barazani kule Pangani, kisha nikaingia kwenye za mizimu na mauaji ya kutatanisha, nyingi nyeusi na nyeupe. Nina daftari. Kila picha naiandikia alama juu ya kumi pamoja na sababu yake. Nimefungua uzi ili tupeane alama, na mnaozijua kuliko mimi mnisahihishe. Tahadhari mapema: nitataja miisho, kwa hiyo ambaye hajaitazama picha na anataka kuitazama aruke aya hiyo.

Nilidhani nikitoka kwenye machozi kwenda kwenye mizimu nimehama mtaa. Sikuhama. Kilio ni kilekile. Mchana anakilia mkulima aliyenyang'anywa shamba, usiku anakilia mwanamke wa sari nyeupe kwenye jumba la mwinyi. Miaka ya mwanzo ya 1950 majimbo ya India yalikuwa yanapitisha sheria za kuufuta umwinyi wa ardhi, na naona watengeneza filamu walikuwa na mengi vifuani kuhusu majumba hayo. Ndiyo maana nimeanza kuzitazama kwa jozi.

Jozi yangu ya kwanza ni ya mwongozaji mmoja, Bimal Roy. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1909 kwenye familia ya wenye ardhi, upande wa Dhaka, kwa hiyo nyumba za namna hiyo alizijua kwa ndani.

Ya mchana ni Do Bigha Zamin ya 1953. Shambhu, anayechezwa na Balraj Sahni, ana kishamba kidogo katikati ya ardhi ambayo mwinyi anataka kuiuza kijengwe kiwanda. Deni analolijua Shambhu ni rupia 65. Kwenye vitabu vya mwinyi linatoka rupia 235. Anakwenda Calcutta kuvuta riksho kwa miguu ili alipe. Kuna abiria mmoja anamfukuza msichana aliyepanda riksho nyingine, na kila akitaka mwendo uongezeke anapandisha pesa. Shambhu anakimbia, pesa zinapanda, anakimbia, hadi gurudumu linachomoka. Mwisho anarudi kijijini akute shamba limezungushiwa uzio. Anainama kuchota udongo kiganjani, tena udongo tu, na mlinzi anamlazimisha aumwage.

Babu yangu aliweka rehani minazi yake kwa mwenye fedha mmoja wa pale mjini, akatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Baba alikuwa na miaka minane. Alipokuwa akitusimulia picha hii, kila akifika pale 65 inapogeuka 235, alinyamaza, kisha akaomba maji ya kunywa. Nimeipa 10.

Ya usiku ni Madhumati ya 1958, hadithi ya Ritwik Ghatak, muziki wa Salil Chowdhury, ambaye ndiye aliyetunga hadithi na muziki wa Do Bigha Zamin. Anand (Dilip Kumar) ni meneja mgeni kwenye milki ya mbao, anampenda binti wa milimani, Madhumati (Vyjayanthimala). Mwinyi Ugra Narain, anayechezwa na Pran, anamvuta binti yule hadi kwenye jumba lake, naye anamkimbia na kuanguka kutoka juu ya paa. Baadaye Anand anampata mwanamke anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili, anamwomba ajifanye mzimu ili mwinyi aingiwe na hofu akiri mbele ya polisi. Usiku unafika, mwanamke anatokea, anauliza maswali yake kwa utulivu, mwinyi anakiri, polisi wanamchukua. Hapo Anand anashtuka: ameuliza mambo ambayo hakuambiwa na mtu. Mara mlango unafunguliwa na yule wa kujifanya ndiyo kwanza anaingia, anaomba radhi amechelewa, gari lilimharibikia njiani.

Mwili ulinisisimka nikasimamisha picha nikaenda kuwatazama watoto. 10 nyingine. Ilizoa tuzo tisa za Filmfare, rekodi iliyodumu hadi Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995. Mwisho wake mtauona tena, karibu ulivyo, kwenye Om Shanti Om ya 2007.

Haya, leteni zenu.

Mti Mkavu

Dada Kandili, heshima yako. Do Bigha Zamin sina ugomvi nayo. Kwenye mizimu ndipo tutakapoachana.

Mimi nataka mzimu uwe mzimu. Picha ikinitisha saa mbili nzima halafu dakika kumi za mwisho inaniambia "kumbe ni mtu", naona nimedhulumiwa. Kwa kipimo hicho Mahal naipa 6, Woh Kaun Thi? 6, Bees Saal Baad 5. Madhumati 9, maana haikurudi nyuma.

Kumi yangu ni Monihara, hadithi ya kati kwenye Teen Kanya ya Satyajit Ray, 1961, aliyoitoa kwa Tagore. Mke anapenda vito kuliko kitu chochote duniani, anaondoka navyo akihofia mume atavihitaji kulipia hasara ya biashara, hasikiki tena. Mume anarudi na kasha jipya la vito. Usiku mke anaingia chumbani, na mkono unaonyooka kulichukua lile kasha ni mifupa mitupu. Hakuna aliyejifanya, hakuna polisi nyuma ya pazia.

Halafu nijibu: Mahal ina mwinyi gani pale? Hari Shankar, mwenye jumba, hakumnyang'anya mtu shamba.

Kandili

Kaka Mti Mkavu, swali lako ni zuri, na Mahal ndiyo picha iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa hiyo niruhusu niiseme kwa urefu.

Ni ya 1949, ya Kamal Amrohi, na ilikuwa picha yake ya kwanza kuongoza. Hari Shankar (Ashok Kumar) anaingia jumba la kale kando ya mto. Mtunza bustani anamwambia aliyelijenga alikuwa akija kwa mashua usiku kumwona mpenzi wake Kamini na kuondoka kabla ya alfajiri, hadi usiku mmoja mashua ilipozama. Ukutani kuna picha ya yule marehemu, na sura ni ya Hari Shankar mwenyewe. Kuanzia hapo anamwona Kamini: kwenye bembea bustanini, kwenye ngazi, na kila anapomfuata anamkosa. Anamtelekeza mke aliyeozeshwa, anaharibikiwa, mwisho mke anakunywa sumu na kumwachia mume kesi ya mauaji.

Mahakamani ndipo inafahamika Kamini ni Asha, binti wa mtunza bustani.

Wewe unasema umedhulumiwa. Mimi hapo ndipo nilipoanza kulia. Tazama maisha ya msichana yule. Amekulia kwenye jumba kubwa lisilo lake, baba yake anafagia majani ya watu waliokufa. Amesikia hadithi ya Kamini tangu utotoni hadi akaipenda ile picha ya ukutani. Siku mwenye nyumba anapofika, angekwenda kwake kama Asha, angepewa ndoo ya kuteka maji. Akaenda kama mzimu, ndipo akatazamwa. Mwinyi wa Mahal ni jumba lenyewe, kaka yangu. Binti wa mfanyakazi hana mlango wa kuingilia isipokuwa wa wafu.

Madhubala, aliyemcheza Asha, alikuwa na miaka 16 tu, na uso wake pale mahakamani ni wa mtoto aliyeshikwa na nguo za mama yake. 9.5 na sishuki. Nusu niliyoitoa ni ya kile kipande cha katikati porini, kinakokota miguu.

Bees Saal Baad ya 1962 umeionea zaidi. Mwinyi alimwingilia binti wa kijijini kwa nguvu, binti akajiua, na tangu hapo wanaume wa nyumba ile wanakutwa wamekufa kwenye kinamasi, mmoja baada ya mwingine. Wanakijiji wanasema ni mzimu wake, maana usiku unasikia njuga na wimbo. Aliyekuwa akiua ni baba yake yule binti. Jua hilo kwanza, kisha irudie kuanzia mwanzo umwangalie yule mzee peke yake: anavyosalimu, anavyoshika fimbo. Ni picha nyingine kabisa. 8. Vichekesho vya katikati vimeila.

Daktari wa Redio

Nimesoma kimya ila mmefika Mahal, siwezi kukaa.

Mnaitazama kwa macho. Izimeni taa msikilize "Aayega Aanewala". Sauti inaanza mbali kama iko chumba cha tatu, inakuja, inakuja, ndipo mdundo unaingia. Hakukuwa na mitambo ya kuchanganya sauti kama leo. Lata Mangeshkar mwenyewe alieleza walivyofanya: maikrofoni iliwekwa katikati ya chumba, yeye akasimamishwa pembeni, akawa anaimba huku anaisogelea hatua kwa hatua. Unachosikia ni miguu ya msichana wa miaka 20 hivi sakafuni.

Na sahani ilipotoka, jina la mwimbaji liliandikwa Kamini, jina la mhusika. Wasikilizaji wakaiandikia redio wakiuliza huyu Kamini ni nani. Kwa hiyo kwa muda mfupi mzimu ulikuwa na sauti na mwenye sauti hakuwa na jina. Dada Kandili, hiyo iandike kwenye daftari lako upande wa Asha. Mtunzi wa muziki, Khemchand Prakash, alifariki mwaka uliofuata, 1950.

Vivuli vile pia vina mwenyewe. Mpiga picha alikuwa Josef Wirsching, Mjerumani wa Munich aliyekuja India mara ya kwanza miaka ya 1920 na kujiunga na studio ya Bombay Talkies mwaka 1934. Wakati wa vita Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu ya utaifa wake. Alipotoka ndipo akapiga Mahal. Ukitazama jinsi mwanga unavyopita kwenye nakshi za dirisha na kumkata Ashok Kumar usoni vipande vipande, unaona mkono wa mtu aliyejua kufungiwa.

Kwa masikio, Mahal 10. Woh Kaun Thi? ya 1964 naipa 9 kwa sababu ya muziki wa Madan Mohan. Daktari anaendesha gari usiku wa mvua, kuna mwanamke amesimama katikati ya barabara. Anampakia. Vifuta kioo vinagoma, yeye haoni mbele, mwanamke anaona na anamwelekeza njia, kulia, kushoto, hadi makaburini, na geti linafunguka lenyewe. Ndipo wimbo unaanza. Hadithi yenyewe baadaye inageuka njama za urithi, sawa. "Lag Jaa Gale" ya picha hiyohiyo nimeisikia ikipigwa harusini mara ngapi, na inaimbwa na mke kwa mume ambaye hana hakika kama aliyelala naye chumba kimoja ni mtu.

Jahazi la Mvita

Salamu kutoka Mombasa.

Sisi huku wengi tulizijua hizi nyimbo kwa Kiswahili kabla hatujaziona picha. Marehemu Juma Bhalo akiimba taarabu kwa mahadhi ya Kihindi, sisi wadogo tukidhani ni yake tangu mwanzo. Siku nilipoketi kutazama picha ya Kihindi na nikasikia lahani niliyoizoea ikitoka kinywani mwa mwanamke wa sari, nilimuuliza mama kwani huyu amemuibia Bhalo?

Sasa nikupinge kidogo, dada. Gumnaam ya 1965 utaiweka jozi gani? Watu wameshushwa na ndege mahali pasipojulikana, nyumba moja, wanauawa mmoja mmoja. Hiyo ni hadithi ya Agatha Christie imevishwa nguo za Kihindi. Hamna mkulima, hamna mwinyi. Ila mwanzoni kuna "Jaan Pehechan Ho", sauti ya Rafi, wacheza wamevaa vinyago vya macho, na ule mtikisiko wa kichwa hata Marekani wameuweka mwanzoni mwa Ghost World ya 2001. Na Helen, mcheza ngoma yule, ufukweni! 7.5 yangu, na saba zote ni za Helen na mchekeshaji Mehmood.

Zipo pia zisizo na wimbo hata mmoja. Kanoon ya B. R. Chopra, 1960, ni kesi ya mauaji na hoja ya kunyonga watu, mahakama mwanzo mwisho. Ittefaq ya 1969, ya ndugu yake Yash, Rajesh Khanna katoroka kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili anaingia nyumba ya mwanamke aliye peke yake, mvua nje. Hizo zinatisha kwa ukimya. 8 na 8.5.

Kandili

Jahazi, Gumnaam umenishinda, haina jozi. Niliipa 6.5, naiacha hapo. Kanoon naiweka kwenye orodha ya wiki hii.

Kibanda Umiza

Wakubwa mmesahau akina Ramsay, wale wa picha za kutisha, au mnawaonea haya?

Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video Manzese. Picha yenye sari nyeupe hatukuletewa, tuliletewa Purana Mandir ya 1984. Kanda imechakaa, mistari inapita juu ya kioo, mtafsiri anapaza sauti yake juu ya ile ya Kihindi, na kila Saamri, lile dubwana, akitokea benchi la mbele lote linahamia nyuma. Kwa hofu ya kweli, hofu ya kushindwa kwenda chooni, ile ni 9.

Na wale ni familia, jamani. Baba yao alikuwa na duka la redio Karachi, wakahamia Bombay India ilipogawanywa 1947. Ndugu saba: Tulsi na Shyam wanaongoza, Gangu anashika kamera, Kiran sauti, Arjun anahariri, Kumar anaandika. Picha yao Do Gaz Zameen Ke Neeche ya 1972 ilitengenezwa kwa fedha kidogo na watu wachache ikalipa. Hawakuwa na taa za Munich, walikuwa na mashine ya moshi na mask ya mpira, na wakafanya kazi.

Kaka Mti Mkavu, njoo huku, mizimu yetu haigeuki mtu.

Kandili

Kibanda Umiza, nimeitazama Purana Mandir jana kwa ajili yako. 6.5. Laana ya Saamri imeangukia mabinti wa ukoo wa raja, kila anayejifungua anakufa. Deni la jumba linalipwa tena na wanawake ambao hawakulikopa. Nilikaa nikaiona kwa macho hayo, nikaiongezea nusu iliyofanya iwe 6.5.

Bi wa Vuga

Assalaam alaykum wanangu. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mie nasema yeye anabonyeza. Tuko Muscat.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Picha mnazozitaja sikuzitazama kwenye simu, nimezitazama Majestic, pale Vuga, na mama na mashangazi, siku za wanawake watupu. Buibui zinavuliwa zinakunjwa mapajani, mtu ana bisi zake kwenye karatasi. Kihindi hatukijui. Nyuma yetu akikaa bibi mmoja wa Kihindi, jirani yetu wa Mkunazini, kila baada ya muda anainama anasema kwa Kiswahili mstari mmoja: "Anasema hamtaki." Basi, inatutosha.

Mother India nitaisema mie. Mwanamke ameachwa na mumewe pamoja na watoto, mkopeshaji Sukhilala anamla mavuno mwaka hadi mwaka na anamtaka na yeye mwenyewe. Mtoto mdogo, Birju, anakua na hasira, anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala, anachoma vitabu vya madeni. Kisha anamteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake. Mama anasimama mbele ya farasi na bunduki. Majestic nzima iligawanyika. Huku wanapiga kelele, "Usimpige, mwanao!" Kule wengine, mama yangu mmoja wao, "Mpige! Kamwibia mtoto wa watu!" Akampiga. Mama yangu, aliyesema mpige, ndiye aliyelia hadi nyumbani, tunamshika mkono gizani.

Wewe mwanangu Kandili, umeiweka Bees Saal Baad bila mwenziwe wa mchana. Mwenziwe ni huyu. Baba yule alitwaa kisasi juu ya watoto wa mwinyi. Mama huyu alimuua mwanawe ili mtoto wa adui asifanyiwe kile alichofanyiwa binti wa kijijini. Zitazame usiku mmoja, uje uniambie.

Kandili

Bi, shikamoo. Nimefanya ulivyoniambia, Ijumaa usiku, na mama alikuwa amekuja kutoka Pangani akaketi nami.

Mother India inakwenda karibu saa tatu, nilidhani atalala. Hakulala. Birju alipochoma vitabu vya madeni, mama akasema, "Baba yako alitaka kufanya hivi." Sikuwahi kulisikia hilo. Alikuwa na miaka ishirini, minazi ya babu ilikuwa inaangushwa kwa ajili ya ujenzi, akanunua mafuta ya taa achome ghala ya yule mwenye fedha. Ndani ya ghala walikuwa wakilala vibarua wawili na mtoto. Bibi alikaa mlangoni usiku kucha, kiberiti kakifunga kwenye pindo la khanga, mafuta kayamwaga chooni. Baba hakusema naye miezi.

Bees Saal Baad tuliiweka baada ya hapo, tukaitazama nusu tu, mama aliomba tuzime.

Daftarini nimerekebisha. Mother India 10. Bees Saal Baad nimeipandisha, 8.5, na nimeiandika ukurasa mmoja na mwenziwe kama ulivyosema, Bi. Kesho ni Kohraa ya 1964, ya Biren Nag, mwongozaji yuleyule wa Bees Saal Baad, na mwigizaji wake Waheeda Rehman tena. Nakala niliyonayo inakatika sauti kuanzia katikati. Mwenye kujua iliko nzima anielekeze, tafadhali, kabla ya saa tatu usiku.